Dar es Salaam ni "Bandari ya Salama" au "Nyumba ya Amani"? Na kwa nini mji ukae pale?

#1 Kisiki cha Mnazi

Wakuu, salaam.

Juzi binti yangu wa darasa la tano karudi na daftari lenye mkasi mwekundu. Swali: "Eleza maana ya jina Dar es Salaam." Yeye kaandika "Bandari ya Salama", kama babu yake alivyomfundisha. Mwalimu kakata, pembeni kaandika "Nyumba ya Amani". Mtoto analia, babu kanuna, na mimi nimekaa katikati yao sina la kusema.

Babu yake alikuwa baharia wa majahazi. Yeye anasema jina la bandari hutungwa na watu wa chomboni. Ukiingia ule mlango mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni, mawimbi ya nje unayaacha mara moja, maji yanalala kimya, chombo kinaacha kuyumba na abiria aliyekuwa anatapika ananyanyua kichwa. Watu wa namna hiyo, anasema, wangepaita nini kama si bandari ya salama?

Nikaendelea kuwaza. Kama pale ni pazuri hivyo, mbona kwa karne nyingi miji mikubwa ilikuwa Kilwa, Kaole, Bagamoyo, na pale pakabaki kijiji cha wavuvi cha Mzizima? Mji unapataje jina, na unapataje mahali pake? Wajuzi naomba msaada, nina kesi mbili nyumbani.

#2 Karafuu Chungu

Naweka kambi hapa.

#3 Ustadhi wa Kona

Wa alaykum salaam. Kwa upande wa lugha mwalimu hajakosea. Dar kwa Kiarabu ni nyumba, makao. Dar as-Salam imo ndani ya Qurani mara mbili, Suratul An'am aya ya 127 na Suratu Yunus aya ya 25, na inayotajwa ni Pepo: makao ya amani. Ni jina la heshima, na watawala wa Kiislamu wamelipenda tangu zamani. Khalifa al-Mansur alipoanza kujenga Baghdad mwaka 762 aliipa jina la Madinat as-Salam, Mji wa Amani. Brunei mpaka leo ni Brunei Darussalam.

Bandari nalo ni neno la Kiajemi, bandar. Ili "Bandar as-Salam" igeuke "Dar es Salaam" lazima udondoshe "ban" mwanzoni ubakize "dar". Sikatai kwamba ndimi hudondosha silabi, lakini mbona Bandar Abbas kule Iran haijawa Dar Abbas?

Kingine, salama na salaam ni ndugu wawili, si mtu mmoja. Salama ni kukosa hatari. Salaam ni amani. Babu ametafsiri kwa sikio la baharia na namheshimu, ila Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeupa mji jina hilo, alikuwa na masikio ya kasri.

#4 Tandabui

Bandar Abbas umemaliza kesi, Ustadhi.

#5 Mtweka Tanga

Hajamaliza chochote. Silabi hudondoka vinywani mwa watu, na kila mji una vinywa vyake. Leo hii wangapi wanasema "Dar es Salaam" kamili? Kondakta anaita "Dar, Dar, Dar!" Nani alikaa kikao kuifupisha? Kama sisi tumekata nyuma, wa zamani walishindwa nini kukata mbele?

Halafu jina la mtawala na jina la watu ni vitu viwili. Sultani anaweza kuwa aliandika "Dar" kwenye barua zake huku mabaharia wakisema "bandari" pale ufukweni, kila mmoja akiamini mwenzake anasema kama yeye.

#6 Babu wa Reli

Tuweke tarehe mezani kwanza, maana jina na mahali hapa haviachani.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kaka yake Majid pale Unguja, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza wakaamua kesi ya urithi na Zanzibar ikatenganishwa na Oman. Mwaka uliofuata, 1862, Majid akaanza kuweka mkono wake Mzizima. Mtu aliyetoka kwenye msukosuko wa namna hiyo akiuita mji wake mpya Makao ya Amani, mimi namwelewa. Unguja alikuwa amezungukwa na mabalozi wa Ulaya, ndugu wanaogombea kiti na matajiri wa karafuu. Bara alitaka mji wake mwenyewe, wenye mashamba na misafara inayoishia mlangoni kwake. Boma la Kale pale karibu na bandari, ambalo lipo mpaka leo, ni la miaka hiyo ya 1860, lilijengwa kwa ajili ya wageni wa Sultani.

Majid akafariki 1870. Barghash akashika kiti na mji wa kaka yake hakuujali, ukadorora. Kampuni ya Wajerumani ikaweka kituo pale 1887, na 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo.

Sasa swali lako la mahali. Mjerumani alikuja na meli za moshi, chuma kizito kinachokaa chini sana majini. Bagamoyo ufuko wake ni wa kina kifupi. Meli kubwa inatia nanga mbali, mzigo unaletwa kwa mashua. Dar meli inaingia ndani. Halafu 1905 reli ya kati ikaanzia Dar, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Hapo Bagamoyo ilishasahaulika.

#7 Tandabui

Kwa hiyo Mzizima haikuwa na kasoro, ila meli za kuifaa zilikuwa bado hazijaundwa?

#8 Mtweka Tanga

#7 ndiyo hasa. Chombo cha tanga hakina haja ya kina. Kinataka ufuko wa mchanga wa kupwelea. Unaingia na maji kujaa, maji yanapwa, chombo kinakaa juu ya mchanga, wapakuzi wanakuja kwa miguu mpaka ubavuni. Maji yakijaa tena unaelea na kuondoka. Bagamoyo kwa jahazi ni pepo. Ule mlango mwembamba wa Dar, wenye kona, upepo ukiwa mbele yako utakaa ndani siku nyingi unautazama tu.

Nilitembea na mjomba wangu kwenye jahazi la chokaa nikiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa akisema bandari nzuri ni ile unayoweza kutoka.

#9 Kisiki cha Mnazi

Mtweka Tanga, hiyo ya mjomba nimemsomea mzee. Kacheka mara ya kwanza wiki hii, kasema "huyo alikuwa nahodha."

#10 Bibi Kaole

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo na kila mgeni anayeshuka kwenye basi anataka kuambiwa kwamba jina letu ni kilio cha watumwa: "bwaga moyo", uache moyo wako hapa maana hutarudi tena bara. Waongoza watalii wanaisimulia hiyo kwa sababu inawatoa watu machozi.

Bibi yangu aliisema kwa namna nyingine. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi na pembe za ndovu mabegani. Wakifika pwani, mzigo chini, bahari mbele, chakula, ngoma. Bwaga moyo: utue, upumzike. Hata leo mtu akipumua baada ya shida tunasema moyo umetua.

Maneno ni yale yale mawili. Anayebadilika ni aliyeyasema.

#11 Msoma Mabango

Bibi Kaole nakuunga mkono kwa sababu moja ya ziada. Misafara ya Bagamoyo ilibeba pembe za ndovu kuliko kitu kingine chochote, na wapagazi wake wengi walikuwa watu wa kulipwa. Bandari kubwa ya watumwa kwenye pwani yetu ilikuwa Kilwa Kivinje, kule kusini. Kama jina lingezaliwa na kilio, tungelitarajia Kivinje.

#12 Karafuu Chungu

Lakini watumwa Bagamoyo walipita. Tusije tukawasafisha watu kwa kubadilisha maana ya jina. Wangekuwa mia tu, mia hao nao walikuwa na mioyo ya kubwaga.

#13 Bibi Kaole

Karafuu Chungu, sikatai, na asante kwa kunikumbusha. Nachokataa ni kwamba mji wetu uwe na kilio peke yake, kana kwamba hapakuwahi kupikwa wali wala kuolewa mtu.

#14 Mwana Mvita

Ndugu zangu wa Bongo, mbona mwatupita Mombasa kimya kimya? Hayo ya kina cha maji, sisi kwetu yamo ndani ya jina. Mombasa ni kisiwa, kina mikono miwili ya bahari. Upande wa Mji wa Kale ndiko vilikotia nanga vyombo vya tanga tangu enzi, chini ya Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Upande wa pili ni Kilindini. Kilindi ni maji marefu. Aliyepaita Kilindini hakuwa akitunga shairi, alikuwa akimwambia mwenziwe: hapa ni kirefu, angalia kamba yako ya nanga. Meli za moshi zilipokuja, bandari ikahama kutoka upande wa jahazi kwenda upande wa kilindi. Ni kisa kile kile cha Bagamoyo na Dar, ila kwetu ni kisiwa kimoja.

Na mji wenyewe kwa jina letu ni Mvita. Hapo sasa pana ugomvi. Wako wasemao ni "vita", kwa jinsi kisiwa kilivyopigwa: Wareno walikichoma 1505, wakarudi 1528, wakarudi tena 1589. Wengine, na mimi ni mmoja wao, twasema ni Shehe Mvita, mzee aliyeshika mji baada ya Mwana Mkisi, malkia wetu wa kale. Mji haungoji uchomwe ndipo upewe jina. Ibn Battuta alipita 1331, Mreno hata hajulikani.

#15 Msoma Mabango

Mwana Mvita, ila Ibn Battuta aliandika Mombasa, hakuandika Mvita. Kwa hiyo tarehe yake haikusaidii kwenye jina la pili.

#16 Mwana Mvita

Hapo umenishika. Lakini Shehe Mvita simwachi.

#17 Mgogo wa Tambukareli

Nyie wa pwani mnajua maji tu. Njooni Dodoma, mji ulioitwa kwa ajili ya tope.

Kwa Kigogo ni Idodomya, mahali palipozama. Hadithi ya kwanza, tuliyofundishwa shuleni: tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito pale Kikuyu, akakwama kwenye tope, akawa anadidimia watu wakimtazama. Idodomya!

Hadithi ya pili, ambayo babu zetu waliisimulia usiku: Wagogo walichukua ng'ombe wa Wahehe wakawala wote, wakabakiza mikia. Wahehe walipokuja kudai mali yao wakakuta mikia imechomekwa kwenye kinamasi. "Tazameni, ng'ombe wenu wamezama." Idodomya!

Mimi naipenda ya pili kwa sababu tembo yeyote anaweza kuzama popote. Mpango wa mikia unahitaji akili.

#18 Binti Gangilonga

Mgogo wa Tambukareli, kumbe mpaka leo mnajisifia! Tunawadai ng'ombe. Nitakuja na mikia niliyotunziwa na bibi tuilinganishe.

Kwa faida ya uzi: Iringa ni neno letu, lilinga, yaani ngome. Ngome ya Mkwawa ilikuwa Kalenga, Wajerumani wakaipiga na kuiteka Oktoba 1894. Mji wao wakaujenga pembeni, juu ya mwinuko unaotazama bonde la Ruaha Mdogo, mahali pa kumwona anayekuja. Wakaondoka na neno la ngome wakaliweka kwenye mji mwingine. Kila nikipita Kalenga nawaza jina lilivyohamishwa hivyo. Gangilonga, nilikolitoa jina langu la humu, ni jiwe linaloongea. Hilo halikuhamishika, liko pale pale juu ya mji.

#19 Mlima na Bonde

Mgogo, umesema tembo alizama Kikuyu? Sisi Wakenya tumefika Dodoma lini?

#20 Mgogo wa Tambukareli

Kikuyu ni mtaa wetu, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, tangu enzi hizo. Kwetu kikuyu ni mti, mkuyu mnaujua. Msije mkaanza kudai viwanja, bei zimepanda tangu serikali ihamie.

#21 Mlima na Bonde

Haya, nimeondoka na sufuria zangu. Basi niseme ya kwetu.

Nairobi ni Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Wafugaji walikuwa wakinyweshea pale, hapakuwa na mji. Mwisho wa Mei 1899 reli ikafika, maili 327 kutoka Mombasa, na mainjinia wakasimama. Mbele kulikuwa na mlima wa kupanda mpaka Limuru, halafu kushuka Bonde la Ufa. Walihitaji uwanja tambarare wa kupanga mabehewa na kuweka karakana kabla ya kazi hiyo. Pale palikuwa tambarare. Palikuwa pia kinamasi, lakini injinia alikuwa akiangalia reli, hakuangalia mtu atakayelala pale.

Mwaka 1902 tauni ikaingia, mtaa wa maduka ukachomwa moto. Madaktari wakasema mji uhamishwe, ardhi hii haifai. Ikaonekana ni ghali, na 1905 serikali ikahamia hapo hapo kutoka Mombasa. Mimi nimekulia South B, na mvua za Aprili zikishuka maji yanaingia sebuleni. Mama alikuwa akisema "mto umerudi kwake." Maasai walitwambia kwa jina lenyewe kwamba hapa ni maji.

#22 Babu wa Reli

Mlima na Bonde, ongeza Machakos. Waingereza walikuwa wamekaa Machakos kabla ya Nairobi kuwepo. Mji una jina la Masaku, mzee wa Kikamba. Reli ikapita mbali nayo, na 1899 ofisi za mkoa zikahamishiwa Nairobi. Mstari mmoja kwenye ramani ya injinia na mji uliotangulia ukawa wa pembeni.

Kisumu nayo reli ilipofika ziwani 1901 ikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa injinia. Jina lile halikudumu. Wajaluo walikuwa na lao, la kusuma, kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, na ndilo limebaki.

#23 Uasin

Na sisi Eldoret mtucheke kabisa, tuliitwa 64. Ni namba ya shamba la walowezi palipowekwa posta mwaka 1910. Wazee wakaitamka "Sisibo", na nyanya yangu mpaka anafariki alikuwa akienda Sisibo sokoni. Eldoret yenyewe ni eldore ya Kimaasai, mto wa mawe, tukaongeza mkia wa Kikalenjin.

Kuhusu mahali, kuna simulizi kwamba kasiki la benki lilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe likashindikana kuinuliwa, basi wakajenga benki kulizunguka, na mji ukafuata benki.

#24 Msoma Mabango

Uasin, hiyo ya kasiki ni tamu mno kuwa kweli. Posta ilishakuwepo. Mji ulifuata posta.

#25 Uasin

Posta hailindwi usiku. Mji hufuata pesa.

#26 Kibo Asubuhi

Na Moshi je? Tuliambiwa ni moshi wa mlima, ule wa volkano.

#27 Babu wa Reli

Kibo Asubuhi, hakuna babu wa babu aliyewahi kuona Kilimanjaro ukifuka moshi wa kutosha kutia jina. Moshi ni jina la eneo la uchifu kule juu, watu wake Wamochi, lugha yao Kimochi. Ndiyo Old Moshi ya leo. Wajerumani walianza huko juu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika haikuweza kupanda, ikaishia chini tambarare, na mji ukashuka kuifuata, ukaja na jina lake.

#28 Kibo Asubuhi

Asante. Nina miaka arobaini na moja na nimezaliwa pale. Kibosho kwa mama, Old Moshi kwa baba, na hakuna aliyenieleza hivyo.

#29 Mwana wa Shaba

Jambo bandugu. Niko Lubumbashi.

Kwetu mutu mukubwa wa mbali alipewa muji. Muji ulianzishwa 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na Wabeleji wakaita Élisabethville, jina la malkia wao. Mahali palichaguliwa na shaba: mugodi karibu, na kiwanda cha kuyeyusha kando ya muto Lubumbashi. Chimney ya kiwanda na kilima cheusi cha takataka za shaba viko mpaka leo, mutoto wa hapa akichora muji anachora hivyo viwili kwanza.

1966 majina yakabadilishwa: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, na sisi tukachukua jina la muto. Baba yangu alizaliwa Élisabethville, kaka mukubwa Élisabethville, mimi Lubumbashi, na wote tumezaliwa nyumba moja.

#30 Ustadhi wa Kona

Mwana wa Shaba, karibu sana. Kisangani nasikia ni Kiswahili chetu hiki, kisanga kwa maana ya kisiwa, na "ni" ya mahali. Ni kweli?

#31 Mwana wa Shaba

Ndivyo batu wa kule wanasema, kwa visiwa vya mutoni. Na mahali pake ni maporomoko. Mashua kutoka Kinshasa inapanda siku nyingi, ikifika pale maporomoko ya Boyoma yanasema basi. Pale mashua inasimama, muji unaanza.

#32 Mtweka Tanga

"Pale mashua inasimama, mji unaanza." Ndugu yangu wa Shaba, hiyo naiandika ukutani.

#33 Mnyamwezi Mtembezi

Mbona hamjaifika Tabora? Mji wa chakula! Wenyeji tunasema ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani. Msafiri akiviweka kwenye mfuko haviozi. Msichanganye na michembe, ile hukatwa mibichi. Burton na Speke walipofika 1857 waliandika Kazeh, lakini njia ilikuwa ile ile: ukitoka pwani unafika hapa, kisha unachagua, magharibi kwenda Ujiji au kaskazini kwenda ziwa kubwa. Penye njia panda watu hupumzika, na anayepumzika lazima ale.

#34 Tandabui

Wapagazi wa #10 ndio walikuwa na viazi vya #33 mifukoni. Walitoka Matobolwa wakafika Bwaga Moyo. Uzi umekuwa safari.

#35 Kisiki cha Mnazi

Wakuu asanteni, nimechelewa kurudi. Jana nilimsomea mzee uzi wote. Alinyamaza muda mrefu kwa hoja ya Ustadhi ya Bandar Abbas. Halafu akasema: "Mwambie huyo ustadhi, mimi sijafika Bandar Abbas. Lakini Dar nimeingia usiku wa kusi, tanga limechanika, na watu kumi na wawili chomboni. Neno lililonitoka pale mlangoni ni salama. Sikusema amani."

Nimeandika kama alivyosema.

#36 Ustadhi wa Kona

Mpe salamu zangu za heshima. Kwa neno la Kiarabu siwezi kurudi nyuma, dar ni nyumba. Lakini na mimi nikifikiri vizuri, mwalimu angempa binti alama hata nusu. Majibu yote mawili yana watu wake.

#37 Mwenda Pazi

Nimesoma mabandiko thelathini na sita mkigombania jina la Sultani, na Mzizima imetajwa kama kijiji cha wavuvi basi. Mimi ni Mzaramo. Kabla ya Majid palikuwa na Washomvi wakivua na kuchemsha chumvi pwani, na Wazaramo wa Pazi nyuma yao bara, wakipatana na kugombana kama majirani. Kijiji kilikuwa maeneo ya Ocean Road ya leo, kikitazama bahari wazi. Hawakukaa ndani ya hiyo bandari mnayoisifu, kwa sababu mvuvi wa ngalawa anataka bahari mbele ya mlango.

Na jina tulikuwa nalo. Kwetu nyumbani husemwa Mzizima ni mji mzima, wenye afya. Shangazi yangu anakataa, anasema ni kuzizima, maji yaliyotulia yakapoa. Kama shangazi yuko sahihi, basi ile tabia ya maji anayoisema babu wa binti ilishatajwa kwa lugha ya hapa hapa kabla ya Mwarabu na Mwajemi wenu.

#38 Mtweka Tanga

Mwenda Pazi, lakini umesema kijiji kilitazama bahari wazi. Pale maji hayazizimi, pana mawimbi. Shangazi na wewe hamwezi kuwa sahihi wote wawili.

#39 Mwenda Pazi

Ukivuka mwamba wa nje yanatulia. Njoo maji yakiwa yamepwa nikuonyeshe.

#40 Karafuu Chungu

Tukiwa bado Dar, Kariakoo nalo ni jina la watu waliobeba. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, walioweka kambi pale baada ya kuuteka mji 1916. Babu mzaa babu yangu alichukuliwa Handeni kwenye vita ile. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, si risasi. Yeye hakurudi, na hatujui alizikwa wapi. Nikienda kununua vitenge Kariakoo huwa nalitamka jina lote polepole.

#41 Mlima na Bonde

Pole, Karafuu Chungu. Nairobi nako tuna Kariokor, ni hao hao. Ni soko la vyondo na viatu vya ngozi, na nyama ya kuchoma upande wa nyuma. Nimepita pale miaka yote nikidhani ni neno la Kikamba.